Nilisema ni la kijana wangu

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Jaza."

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sheli moja pale Msamvu, Morogoro. Nilikuwa naanza safari ya kwenda Njombe kwa mama. Kijana wa pampu alichomeka mpira kwenye tenki, akauacha ujaze wenyewe, akaja mbele taratibu huku akilikagua gari. Akasimama kwenye boneti, akaligusa kwa kidole lile tundu la hewa lililoinuka katikati, kama mtu anavyomgusa ng'ombe puani. Akazunguka nyuma, akasoma herufi mbili zilizobandikwa mlangoni: XT. Akarudi dirishani kwangu anatabasamu.

"Mama, hii ina tabo. Ya kijana wako, eeh?"

Nikamjibu, "Ndiyo. Ya kijana wangu. Nimeazima tu."

Sina kijana. Nina mabinti wawili. Gari ni langu, kadi ina jina langu, na nililinunua kwa fedha niliyoiweka kidogo kidogo kwa miaka minne.

Nililipa, nikaondoka. Nilikuwa nimeshapita Doma, geti la Mikumi liko karibu, ndipo nilipoanza kujisikia vibaya. Si vibaya vya kuumwa. Vibaya vya mtu aliyemkana ndugu yake mbele ya watu.

Hiyo ilikuwa wiki saba zilizopita. Nimejaribu kulisahau, limekataa. Naliandika labda litatulia.

## Gari lenyewe

Ni Subaru Forester ya mwaka 2005, namba C, bluu iliyokolea, gia za mkono. Injini ya lita mbili yenye tabo, yaani kifaa kinachoisindilia injini hewa ili iongeze nguvu, nguvu za farasi 220, magurudumu yote manne yanavuta muda wote. Wanaoyajua magari haya wameshaelewa, sina haja ya kuwachosha.

Kwa wasioyajua: kwa nje ni gari la familia. Lina milango mitano, viti vitano, na buti linalomeza gunia la viazi, ndoo mbili za nyanya, begi langu na kreti ya soda, na bado pazia la buti linafunga. Limeinuka vya kutosha kupita njia ya kwa mama wakati wa masika. Ukilitazama kwa mbali unasema hili ni la mwalimu mkuu, au la mchungaji. Ukikanyaga mafuta kwenye gia ya tatu unaelewa kwamba Wajapani walificha kitu humo ndani. Lilipotoka mara ya kwanza mwaka 1997 lilijengwa juu ya msingi wa Impreza, gari dogo la Subaru hao hao, ndugu ya lile lililokuwa likishinda mashindano ya dunia ya rali miaka hiyo hiyo.

Nililinunua mwaka 2019, kwa milioni 12.5, nikiwa na miaka 46.

Leo nina miaka 52. Gari lina 20.

## Peugeot ya baba

Huko Ulaya wakisimulia historia ya magari ya namna hii, gari la kazi lenye mbio ambalo mtu wa mshahara anaweza kulifikia, wengi huanza na Golf GTI ya mwaka 1976. Volkswagen walipanga kutengeneza 5,000 tu. Watu walilinunua hadi toleo lile la kwanza peke yake likapita 400,000. Ni historia nzuri, lakini si yangu.

Yangu inaanza na Peugeot 404 ya baba, bwana shamba, gari la rangi ya maziwa lenye gia kwenye usukani. Tulipanda humo watoto sita, mbegu, dawa za mifugo, na siku moja jeneza la jirani. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, ila jambo moja alilisema mara nyingi, na kila alipolisema alipigapiga dashibodi: gari kama hili lilishinda Safari.

Nikiwa mtoto nilidhani anatupamba. Hakuwa anatupamba. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania, alishinda Safari Rally mwaka 1966 na tena mwaka 1967 akiwa kwenye Peugeot 404. Gari la walimu, mapadre na mabwana shamba ndilo lililoyashinda matope ya Afrika Mashariki. Kwa kizazi cha baba hapakuwa na ajabu yoyote katika hilo. Mtu mzima mwenye suti na kofia aliendesha gari lenye uwezo, na hakuna aliyemuuliza kama ni la mwanawe.

Nikiwa na miaka 17, baba alinifundisha kuendesha ile 404. Kaka zangu wawili walikuwa na hamu kuliko mimi. Alinichukua mimi kwanza, na hajawahi kueleza kwa nini. Amefariki bila sisi kumuuliza.

Nilikumbuka hilo nikiwa katikati ya Mikumi, na ule uongo wa Msamvu ukazidi uzito.

## Miaka ilivyokwenda

Nilipokuwa na miaka 25 nilikuwa karani wa hesabu, napanga chumba kimoja, napanda daladala. Magari ya tabo niliyaona yanapita. Nilijua sauti zake hata kabla hayajatokea kwenye kona.

Nilipokuwa na miaka 35 fedha ilikuwepo, lakini haikuwa yangu. Ilikuwa ya tofali, ya mabati, ya ada ya Neema, halafu ya ada ya Upendo. Tulikuwa na Toyota IST, na naomba nisieleweke vibaya: IST ilitubeba bila kulalamika miaka tisa. Siwezi kuikosea heshima.

Nilipokuwa na miaka 46 Neema alimaliza chuo. Mwezi wa kwanza bila ada yake nilikaa mezani na daftari langu la matumizi, akiba ya miaka minne ikiwa tayari, nikaona kuna mstari mtupu. Ukiwa mhasibu, mstari mtupu unauona haraka.

Nikamwambia Baba Neema ninachokitaka. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Tabo kabisa?" Nikamwambia tabo kabisa. Jumamosi iliyofuata tulikuwa wote Dar, yeye ndiye aliyelala chini kuangalia kama linavuja.

Umri wa kutamani gari la mbio ni mmoja, umri wa kulimudu ni mwingine, na kati ya hizo mbili panapita miaka ishirini ambayo mtu anawajengea wengine. Sijuti hata siku moja ya miaka hiyo. Lakini mtu akinitazama dirishani na kuona kwamba nimechelewa, ningependa ajue nilikuwa wapi.

Uingereza kampuni za bima humtoza kijana wa miaka 18 fedha nyingi kuliko mtu wa miaka 50 kwa gari lile lile. Umri unapimwa kwa hesabu na kuandikwa kwenye karatasi. Mimi nilipokata bima yangu hakuna aliyeniuliza nina miaka mingapi. Kwetu umri wa dereva hupimwa barabarani, kwa macho, na watu wasiokujua.

## Gari nalo huzeeka

Kijana aliyeniuzia alikuwa na miaka 24. Alilimiliki miezi minane. Alikuwa ameondoa bomba la asili la moshi akaweka la kelele, na taa za bluu chini ya milango. Mkanda wa taimingi, ambao kwenye injini hizi hubadilishwa kila kilomita 100,000, haukuwa na kumbukumbu yoyote ya kuguswa. Alikuwa na gari, lakini hakuwa na fedha ya kuwa nalo. Wakati wa kunikabidhi funguo aliligusa paa, akageuka haraka. Nilimhurumia, maana nilijua anachokiacha.

Mwenyewe wa kwanza alikuwa Mjapani nisiyemjua, na nadhani naye aliliachia kwa sababu ya umri. Umri wa gari, si wake. Kule gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi wenyewe ni ghali. Gari la petroli likipita miaka 13 kodi yake ya mwaka hupanda. Kwa hiyo gari ambalo bado linapumua vizuri linapelekwa mnadani, linapakiwa melini, linashuka kwetu. Kenya gari likizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliingii. Tanzania linaingia, ila uzee wake unalipiwa ushuru wa ziada.

Nilipolisoma hilo sikuona habari ya kodi. Niliona kwamba gari hili lingekuwa jipya nisingeliweza maisha yangu yote. Tulikutana kwa sababu lilikuwa limeshuka na mimi nilikuwa nimepanda, tukafika kwenye ngazi moja siku moja. Lingechelewa miaka mitano lingekuwa chuma chakavu. Ningechelewa miaka kumi, labda magoti yangu yasingetaka klachi.

Nafasi hiyo ni ndogo sana. Wengi huipita bila kuiona.

## Malori matatu

Sasa niseme lile ambalo linanipa shaka kweli, maana nikiliacha nitakuwa nimeandika nusu.

Safari ile ile ya wiki saba zilizopita, baada ya mji wa Mikumi, njia inapoanza kuteremka na kujipinda kwenda Ruaha Mbuyuni, nilikuta malori matatu ya makontena yamefuatana, yanaelekea Tunduma. Wanaoijua njia hiyo wanajua unavyoweza kukaa nyuma ya malori nusu saa, unakula moshi. Palipofunguka, nikaweka gia ya tatu, nikatoka.

La kwanza nikalipita. La pili nikalipita. Nilipokuwa usawa wa magurudumu ya nyuma ya la tatu, basi likaibuka.

Halikuwa limejificha. Barabara ilikuwa na bonde dogo mbele, na mimi sikuliona lile bonde. Niliona lami imenyooka, nikadhani yote naiona.

Kurudi nyuma ya lori haikuwezekana. Nikakanyaga mpaka chini. Kuna nusu sekunde kwenye gari la tabo ambapo hakuna kinachotokea, kisha kinakuja chote kwa pamoja, mgongo unabanwa kwenye kiti. Nikaingia upande wangu. Basi likapita na taa zake zimewaka zote na honi ndefu, na upepo wake ukalitikisa gari langu.

Nilisimama Ruaha Mbuyuni, pale wanapopanga vitunguu kwenye neti kando ya lami. Nilishindwa kufungua mkanda. Vidole vilikuwa vinatetemeka hadi kitufe kikanishinda. Mama mmoja muuza vitunguu aliacha biashara yake akaja, akanifungulia mlango, akanipa maji kwenye kikombe cha plastiki cha kijani. Hakuuliza kitu. Alisimama tu, mkono juu ya mlango, mpaka nikamaliza maji.

Vijana wote wa magari haya watakuambia: nguvu iliniokoa. Ni kweli, ingekuwa IST nisingekuwa naandika. Lakini nikiwa na IST nisingetoka nyuma ya malori yale kabisa. Ningesubiri mpaka Mbuyuni. Kwa hiyo nguvu iliniokoa na hatari ambayo nguvu hiyo hiyo ilinipeleka.

Na lile bonde? Miaka kumi iliyopita ningeliona? Sijui. Mwezi wa pili daktari wa macho aliniandikia miwani, akanieleza kwamba lenzi ya jicho hukakamaa mtu anavyosogea miaka hamsini, na kwamba taa za usiku zitaanza kutawanyika. Usiku nilishaacha kuendesha kabla hajaniambia. Mchana nilidhani bado ni wangu wote.

Basi nikakaa pale kwenye vitunguu nikijiambia: yule kijana wa Msamvu alikuwa sahihi. Hili si gari la mama wa miaka 52. Ulisema uongo lakini uongo wenyewe ulikuwa na akili kuliko wewe.

Niliendesha kutoka hapo hadi Kitonga nyuma ya lori moja la mbao, mwendo wa 30, nikikusudia kuliuza.

## Kitonga

Kilichonizuia kwanza ni mlima.

Ukiuanza Kitonga unatoka kwenye joto la mibuyu, na ukifika Iringa uko karibu mita 1,600 juu ya bahari. Njombe ni karibu 2,000. Hewa inakuwa nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000, kwa sababu inavuta hewa iliyopo tu. Tabo huisindilia. Ndiyo maana IST yetu ilikuwa ikifika juu inahema, na mimi ndani nikiiombea, mama akiwa kiti cha nyuma amelala kwa maumivu ya nyonga, tunamrudisha Njombe kutoka hospitali. Safari nne za namna hiyo tulizifanya na IST. Ya tano tuliifanya na Forester, na mama aliamka Ilula akauliza kama tumeshaupanda mlima au bado.

Sikulinunua gari hili kwa ajili ya mama, nisijitakase. Nililinunua kwa sababu nililitaka. Ila miaka sita sasa, kazi kubwa liliyoifanya ni hiyo: kumpandisha na kumshusha mtu mzee bila kumtikisa.

## Dakika moja

Nilirudi Morogoro, nikalipeleka gari kwa fundi wangu Kihonda, kwa maneno kwamba nataka likaguliwe kabla sijaliuza. Fundi ni mtu wa miaka sitini hivi. Hakusema kitu. Akaanza na plagi.

Injini hii imelala, pistoni zinapiga kushoto na kulia badala ya juu na chini, kwa hiyo plagi ziko ubavuni, zimebanwa na bodi. Mkono unaingia lakini hauoni. Fundi anafunga macho kabisa anapozifungua, anasikiliza kwa vidole. Mimi nilishika tochi ambayo haikuwa na kazi. Akatoa ya kwanza, akaifuta kwa kitambaa, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa bado ina joto. Ncha yake ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, safi, bila masizi.

Akatoa zote nne. Zote rangi hiyo hiyo.

"Mama Neema," akasema, "unajua magari haya yanafia wapi?"

Nikamwambia barabarani.

Akatikisa kichwa, akagusa swichi ya funguo. "Hapa. Kijana anatoka Dar anakimbia, anafika, anazima, anaruka nje. Tabo bado jekundu. Oili inasimama, inaungulia mle ndani, inakuwa masizi. Mwezi wa sita analeta kwangu, tabo limekufa, anasema Subaru mbovu. Wewe unakaa dakika moja. Nakuona kila ukija hapa. Unakaa, unasubiri, ndiyo unazima."

Sikuwahi kufikiria kama kuna mtu anaona.

Ile dakika nilifundishwa na yeye mwenyewe mwaka 2019 na nimeishika kama sala. Kila Jumamosi asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha mahali pa tambarare, navuta kijiti cha oili, nafuta, narudisha, navuta tena. Nikiwa na miaka 25 nisingefanya hivyo. Ninajijua nilivyokuwa. Nilikuwa mtu wa kuruka nje.

Nilimwambia habari ya malori matatu. Akasikiliza mpaka mwisho huku akifunga plagi mpya. Hakunifariji, na namshukuru kwa hilo. Alisema, "Basi siku hiyo uliendesha kama wao."

## Mwalimu wa hesabu

Wiki za katikati nilitafuta usiku habari za madereva waliozeeka na usukani. Nilikuwa natafuta ruhusa, nadhani.

Nilimpata Björn Waldegård wa Sweden, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1990 akiwa na miaka 46, akawa dereva mwenye umri mkubwa kuliko wote kushinda mbio ya ubingwa wa dunia wa rali. Nilifurahi kwamba alifanya hivyo kwenye vumbi letu. Rekodi hiyo ilikaa zaidi ya miaka thelathini, mpaka Januari 2022 Sébastien Loeb wa Ufaransa aliposhinda Monte Carlo akiwa na miaka 47.

Lakini aliyenifanya niweke simu chini ni aliyekaa pembeni ya Loeb. Isabelle Galmiche. Miaka 50. Mwalimu wa hesabu wa shule. Yeye ndiye aliyemsomea njia, kona baada ya kona, juu ya barafu, kabla Loeb hajaiona kwa macho.

Nililifikiria bonde langu. Kumbe hata dereva wa kiwango kile haamini macho yake peke yake. Kuna mtu pembeni mwenye daftari anayemwambia kilichoko nyuma ya kilima.

Mimi sina mtu wa daftari. Ila mimi ni mhasibu, daftari ninalo. Njia ya Morogoro hadi Njombe nimeipita zaidi ya mara arobaini, na sasa nimeanza kuiandika: mabonde yanayoficha magari, kona zinazojikunja mwishoni, vijiji vya kibao cha 50 na mahali tochi za trafiki hupenda kukaa, eneo la Mikumi ambako twiga na tembo hawangoji mtu. Na ukurasa wa mbele niliandika kanuni moja: kabla ya kulipita lori, jiulize kama ungelipita ukiwa na IST. Kama jibu ni hapana, kaa nyuma. Nguvu iliyobaki si ya kutumia, ni ya kuweka akiba.

## Alichosema Upendo

Upendo, mdogo, ana miaka 21, alikuja likizo kutoka chuo Dodoma. Usiku mmoja tunamenya viazi nikamsimulia ule uongo wa sheli. Nilitegemea atacheka, au ataniambia nisijali maneno ya watu.

Akaacha kisu.

"Mama, ulisema ya kijana wako?"

"Ndiyo."

"Huna kijana."

"Najua."

"Ungetaka kudanganya si ungesema ya binti yako? Sisi tupo. Gari lako umempa mtoto ambaye hata hayupo."

Neno *kijana* kwenye kamusi halibagui mwanamume na mwanamke. Lakini pale Msamvu, mimi na yule mhudumu sote wawili tulijua tunamaanisha nani. Yeye aliniona mama wa makamo akawaza mtoto wa kiume. Na mimi, niliyefundishwa gia na baba yangu kabla ya kaka zangu, nikamsaidia kuwaza hivyo. Kwa wiki nyingi nilikuwa nimekazana na umri tu, kama vile miaka 52 ndiyo kosa lote. Ningekuwa mwanaume wa miaka 52, yule kijana angesema, "Mzee, hii mashine." Asingeuliza ya nani.

Sikuwa na jibu la kumpa Upendo. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilimwamsha, tukaenda barabara ya vumbi nyuma ya Kihonda, nikahamia kiti cha kushoto. Lilizima mara tano. Mara ya sita likaondoka, likarukaruka, likakaa sawa. Aliendesha kilomita mbili kwa gia ya pili na hakusema neno, ameuma mdomo wa chini kwa meno. Uso huo naujua. Niliwahi kuwa nao.

Gari sijaliuza.

## Msamvu tena

Jumamosi iliyopita nilipita kwenye sheli ile ile. Nilimkuta kijana yule yule. Nilishuka kabisa garini, maana nilikuwa nimelipanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Siku ile uliniuliza gari hili ni la nani, nikakuambia ni la kijana wangu. Si kweli. Ni langu."

Akanitazama, akalitazama gari, akanitazama tena. Niliona anajaribu kunikumbuka kwa heshima na kumbukumbu haiji.

"Sawa mama," akasema. "Nijaze?"

"Jaza."

Njia nzima nilikaa nyuma ya malori mara nyingi kuliko nilivyoyapita. Ilula nikanunua nyanya. Makambako mvua ikaanza, na nilipofika Njombe ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye miti ya parachichi ya jirani. Nikaegesha uani, nikaiacha injini ingurume taratibu.

Mama alikuwa mlangoni amejifunika blanketi. Ana miaka 78. Siku zote hasogei mpaka nizime.

"Kamwene," nikamwamkia kupitia dirishani.

"Kamwene. Mbona huzimi?"

"Nasubiri, mama. Dakika moja."

Akavuta kigoda, akakaa, tukasubiri wote.